Mita 1,400 za Mzee Bundala

Tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Bundala Ndaki atakabidhi funguo za stoo ya vifaa, atasaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho, na kutoka katika ofisi yetu ya Kibaha akiwa mstaafu. Atakuwa ameitumikia Sekretarieti ya Mbio za Baiskeli za Mlandizi–Kisarawe kwa miaka thelathini na minne, yote katika cheo kimoja cha Mpimaji wa Njia. Katika muda huo ameona wenyeviti watano wakija na kuondoka, pamoja na mashine tatu za fotokopi, ambazo hakuwahi kuziamini hata moja.

Mwandishi wa wasifu huu, Ofisa Kumbukumbu Mwishehe, amepewa kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, ndiye anayetunza majalada. Pili, yeye ni Mzaramo wa Msimbu na Mzee Bundala ni Msukuma wa Mlandizi, yaani ni watani, na kwa desturi yetu mtani anaruhusiwa kumsema mtani wake mbele za watu bila kuburuzwa mahakamani. Kamati iliona nafuu hiyo isipotee bure.

Jambo moja lisemwe mapema. Jalada la Mzee Bundala lina barua nyingi za pongezi na barua moja tu ya onyo, ya mwaka 2001. Rasimu ya kitabu cha historia ya mbio zetu, kinachozinduliwa mwezi huu, ilikuwa na mstari uliotokana na barua hiyo: "Umbali pungufu, kosa la mpimaji." Kwa mtu aliyeishi kwa kupima, huko ni sawa na kumuaga mpishi kwa kuwakumbusha wageni siku aliyounguza wali. Swali lililokuwa mbele ya Kamati mwezi huu ni kama mzee huyu aende nyumbani na mstari huo au la.

Lakini tuanze mwanzo. Mbio zenyewe zilizaliwa mwaka 1986 kutokana na ubishi. Muuza maziwa wa Mlandizi na muuza muhogo wa Kisarawe walibishana nani mwenye miguu, wakapanga siku, na siku hiyo wakajitokeza watu kumi na moja wenye baiskeli za mizigo. Mmoja wao alishindana akiwa na dumu la maziwa kwenye keria kwa sababu mteja wake alikaa njiani, Mzenga. Alimpelekea, akangoja dumu lirudishwe, na bado alimaliza wa nne. Mshindi alipewa beberu, ambaye alitoroka kabla ya picha kupigwa, ndiyo maana katika picha ya kwanza ya historia yetu mshindi ameshika kamba tupu.

Miaka mitano baadaye waendeshaji walikuwa wanatoka hadi Mwanza na Arusha, na njia ikawa ile tunayoijua: Mlandizi hadi Mzenga, Mzenga hadi Maneromango, kushuka kuelekea Chole, kuzunguka pipa la kugeuzia, kurudi Maneromango, kisha kupitia Msimbu hadi mjini Kisarawe, vumbi mwanzo mwisho. Umbali uliotangazwa ulikuwa kilomita 155.

Hapo ndipo Bundala alipoingia. Mwaka 1991 alikuja ofisini akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, na hakuja kutafuta kazi. Alikuja kulalamika kwamba waendeshaji wetu wanawatisha ng'ombe wa baba yake. Akiwa anaondoka aliuona ubao wa matangazo, akauangalia kwa muda, akasema ile kilomita 155 si kweli, kwa sababu yeye njia hiyo anaipita kwa miguu na ng'ombe. Mwenyekiti wa wakati huo, Mzee Gregori, alikuwa mtu asiyependa kusahihishwa kabla ya chai. Alimwambia basi akaipime mwenyewe.

Bundala alirudi baada ya siku nne akiwa mwekundu wa vumbi, akaandika kwenye ubao: 158. Gregori akaazima gari, akapita njia nzima akitazama mita ya dereva, akarudi na namba ileile. Jumatatu iliyofuata Bundala aliajiriwa. Malalamiko yake kuhusu ng'ombe yako jaladani mpaka leo na hayajajibiwa.

Wengi wenu mmeona baiskeli yake ya kupimia, ile yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele. Wachache mnajua masharti yake. Tairi hujazwa upepo alfajiri na haliguswi tena mpaka kazi iishe, kwa kuwa tairi likinenepa kilomita hupungua. Tena mpimaji hali ugali kabla ya kufika mwisho, kwa kuwa tumbo likijaa tairi hubonyea, na tairi likibonyea mita huongezeka. Mwaka 1994 mfadhili mmoja alimwandalia kuku wa kienyeji pale Maneromango katikati ya kipimo. Mzee alikaa mezani kwa adabu, akamtazama yule kuku kama mtu anayemsindikiza ndugu, akanywa maji, kisha akaandika kwenye daftari la kazi: "Maji, nusu glasi." Daftari hilo lipo. Kuku alimalizwa na dereva.

Ugonjwa huu wa kupima aliupeleka hadi nyumbani. Mkewe, Mama Rahabu, amesimulia kwamba siku ya harusi yao msafara ulipotoka kanisani kwenda ukumbini, bwana harusi alimwinamia sikioni. Yeye akajiandaa kusikia neno la mapenzi, akaambiwa ni kilomita mbili na mita mia tatu, si tatu kama alivyosema mwenye gari la kukodi.

Faida zake tumezila wote. Mwaka 1999 ng'ombe kama mia mbili walijaza barabara karibu na Mzenga huku kundi la kwanza la waendeshaji likiwa dakika tatu nyuma. Maofisa wetu walipiga honi, wakapiga kelele, mmoja akasoma kanuni. Mzee Bundala akashuka kwenye gari, akapiga mluzi wa kwao, na ng'ombe wakasogea pembeni na kusubiri kwa mpangilio ambao madereva wa sekretarieti hii hawajaufikia hadi sasa. Mwaka 2008, tukiwa tayari katika kalenda ya mbio za kulipwa, timu tatu za nje zilikuja na vifaa vya setilaiti na kutilia shaka namba yetu. Vifaa vitatu vikatoa namba tatu. Mzee aliwasubiri wakubaliane wao kwanza, na inasemekana hawajakubaliana.

Sasa tufike mwaka 2001. Kanuni za jarida letu zinataka wasifu uandikwe kwa nafsi ya tatu, na mwandishi amezitii mpaka hapa. Anaomba ruhusa aziache kidogo, maana yanayofuata hayakufanywa na "mwandishi". Niliyafanya mimi.

Mei mwaka ule tulimzika baba yangu mdogo, Msimbu. Nilikuwa nimeajiriwa mwezi mmoja tu, karani wa mkataba wa miezi mitatu wa kuangaliwa. Wafanyakazi wenzangu walikuja kunifariji, naye Bundala akaja kama mtani anavyopaswa kuja. Alilichukua jembe la kaburi, akalikalia, akasema mzee hazikwi mpaka wafiwa wamlipe sahani mbili za wali, na kwamba kwa alivyomjua marehemu, hata yeye angesubiri wali kwanza. Kisha akaiga jinsi baba mdogo alivyokuwa akitembea akitoka kudai nauli iliyobaki. Mjane alicheka mpaka akashikiliwa asianguke. Kwetu hiyo ndiyo heshima ya msiba, na mimi nilicheka pia, lakini nikajiapiza kwamba lazima nilipize.

Nafasi ilipatikana mwezi wa Juni. Alasiri ya kuamkia mbio nilitumwa na pikapu kupeleka maji ya waendeshaji upande wa Chole, na nikalikuta pipa la kugeuzia, lile la rangi nyekundu na nyeupe, limesimama pale Bundala alipolipima na kuliweka. Kila alfajiri ya mbio alikuwa analipitia kulikagua. Nikawaomba wapakiaji wawili wanisaidie, tukalilaza, tukalivingirisha mita mia saba kurudi upande wa Maneromango, tukalisimamisha. Juu yake nikaweka muhogo mbichi, ili akifika ajue ni Mzaramo gani aliyepita. Nilimwona kabisa akilini mwangu akilisukuma pipa kulirudisha huku akinitukana Kisukuma. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini mimi sikuwakumbuka siku hiyo.

Alfajiri ile Bundala hakupita. Ulikuwa mwaka tulioomba kuingia katika kalenda ya mbio za kulipwa, na mkaguzi wa kimataifa alikuwa amefika. Gregori akamwita mpimaji Kibaha amweleze mgeni njia. Mwamuzi wa pale kwenye pipa alikuwa mgeni wa barabara ile, akalikuta pipa, akakaa karibu nalo. Waendeshaji wote sitini na wawili wakazunguka pale, mita mia saba pungufu kwenda na mita mia saba pungufu kurudi.

Mimi nilikuwa kwenye mstari wa kumalizia, Kisarawe, nikigawa namba za magari ya wageni. Mwendeshaji Evance alipoingia wa kwanza na kuvunja rekodi kwa karibu dakika mbili, watu walimbeba. Mimi sikushangilia, maana nilijua pipa halikurudishwa. Mkaguzi hakushangilia pia. Kesho yake aliomba njia ipimwe upya hadi pale mwamuzi alipokaa, ikapatikana upungufu wa mita 1,400. Ushindi wa Evance ulibaki, kwa kuwa wote walipita njia ileile, lakini rekodi yake ilifutwa na ombi letu likasogezwa miaka mitatu.

Kikao kiliitwa Jumatano. Nilikaa mwisho wa meza nikiandika muhtasari, na mkono wangu ndio ulioandika majibu ya Bundala. Aliulizwa kama ana la kueleza. Akasema, "Mpimaji ni mimi. Kama njia imepungua, aulizwe mpimaji." Aliulizwa kama inawezekana mtu aliligusa pipa. Akasema yeye hajamwona mtu. Gregori alimwandikia barua ya onyo, na cheo cha Mwamuzi Mkuu, kilichokuwa kikimsubiri, kikaenda kwa mwingine. Mwezi wa Julai mimi nikathibitishwa kazini.

Nilinyamaza. Mwanzo nilijiambia nitasema mkataba ukithibitishwa, halafu nitasema tukiingia kwenye kalenda, halafu nikaona imepita miaka mingi mno. Wakati huo watu walikuwa wakimtania kwa jambo lisilo lake. Evance, ambaye sasa ni kocha, kila mwaka alimsalimia mbele ya wageni, "Mzee, za mwaka huu zimetimia?" na Bundala alijibu kwamba zimetimia, na baada ya hapo nilimwona akienda nyuma ya stoo kukagua tairi ambalo alikwisha kulikagua. Nikiwa mtani wake nilikuwa na haki ya kumcheka kuliko wote, na hiyo ndiyo salamu pekee ambayo sikuwahi kuicheka. Niliona aibu, na bado naona.

Mwezi huu nilipoletewa rasimu ya kitabu niisahihishe, niliufikia ule mstari wa mwaka 2001 na nikashindwa kuupita. Nikapanda pikipiki kwenda Mlandizi nikiwa na fomu ya wasifu mkononi, kisingizio changu kikiwa tarehe ya kuzaliwa. Nilimkuta amekaa na Mama Rahabu wakimenya viazi. Katika miaka ishirini na nne ya utani sijawahi kumwamkia huyu mtu, lakini siku hiyo salamu ilinitoka yenyewe.

"Shikamoo, Mzee Bundala."

Akaacha kumenya. "Mama, huyu kaniamkia. Ebu muulize nani kafa."

Nikamwambia hajafa mtu, nina neno kuhusu lile pipa la Chole. Akasema, "Lile ulilolihamisha wewe? Sema."

Nilimuuliza alijuaje. Alinitazama kwa huruma ambayo watani hawapaswi kupeana. Alinikumbusha kwamba pipa huwa analichukua mwenyewe baada ya mbio. Jioni ile alipofika, alilikuta si mahali pake, na muhogo wangu ukiwa umeangukia kwenye majani.

"Nani mwingine angeacha muhogo barabarani? Mgogo?" akasema. "Tena ulikuwa na nyuzi. Niliuchoma, mama huyu akaushindwa."

Mama Rahabu akathibitisha kuhusu nyuzi. Nikamuuliza kwa nini hakusema kikaoni. Akaokota kiazi kingine.

"Mtani hashtakiwi, Mwishehe. Halafu wewe ulikuwa na miezi miwili kazini na mkeo mjamzito, wangekutoa siku hiyohiyo. Mimi wasingenifukuza. Nani angewapimia?"

"Na mimi mwenyewe mbona hukuniambia, miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakusubiri uje. Nilikadiria wiki moja." Akatikisa kichwa. "Hapo sasa ndipo nilipokosea kupima."

Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Mama Rahabu alinipa kisu na kunisogezea ungo wa viazi, akasema mtu akilia ni bora awe na kazi mkononi.

Yaliyofuata ni ya kiofisi. Niliiandikia Kamati maelezo ya kurasa mbili na kuyasaini. Kamati ilikaa tarehe 18 Juni chini ya Katibu Mtendaji wetu, Stellamaris, ambaye mwaka 2001 alikuwa darasa la tatu na aliomba kisa kisomwe mara mbili, mara ya pili kwa furaha tu. Mzee Gregori, mwenye miaka themanini na mitatu, aliletwa kutoka Kisarawe kwa bodaboda, akakataa kusomewa maelezo yangu, akayasoma mwenyewe, na kwa mkono wake akaifuta barua aliyoiandika. Kisha akasema tangu siku ile alikuwa hajaelewa inakuwaje mtu asiyekula kuku akosee mita elfu moja na mia nne. Evance alimpigia Bundala simu. Waliongea muda mrefu, na hakuna aliyetuambia walichoongea.

Mimi nimepewa barua ya onyo yenye tarehe ya mwezi huu, na nimeifungulia jalada mwenyewe kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mstari wa mwaka 2001 katika kitabu sasa unasomeka hivi: "Umbali pungufu kwa mita 1,400. Njia ilipimwa sawasawa na B. Ndaki. Pipa lilihamishwa na karani Mwishehe."

Ilibaki faini ya utani, ambayo haiamuliwi na Kamati. Mzee Bundala alipewa nafasi ya kutaja anachotaka, na nilijiandaa kwa mbuzi. Akasema hataki mbuzi, anataka mita zake. Kwa hiyo Jumamosi tarehe 28 Juni, nusu saa kabla waendeshaji wa kulipwa hawajaingia, mbele ya mabalozi wa nyumba kumi, wanafunzi, wafadhili na wakwe zangu, nitapanda ile baiskeli ya kupimia na kuendesha mita 1,400 za mwisho za kilima cha Kisarawe. Nina miaka hamsini na sita, na tumbo langu wengi wenu mnalifahamu. Mama Rahabu ameongeza sharti kwamba nisisukumwe. Bundala atashika saa, na muda wangu utaingizwa kwenye karatasi rasmi ya matokeo, na kwa kuwa karatasi hiyo naitunza mimi, amesema ataangalia nisiupoteze.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Sekretarieti: Mzee Bundala, asante kwa miaka thelathini na minne ya alfajiri, vumbi na njaa ya hiari. Umetufundisha kwamba namba ni ahadi, na ahadi haiongezwi upepo katikati ya safari. Nenda Mlandizi ukapumzike na Mama Rahabu. Mkawe na afya, mvua kwa wakati wake, na kuku unayeweza kumla saa yoyote unayotaka.

Kwa niaba yangu peke yangu: nisamehe, mtani. Mwaka 2001 njia ilikuwa kilomita 158 kamili, na aliyeipima ni wewe.